Mtoto wangu hataki tena kupigwa picha ya msaada

*Barua imefupishwa kidogo. Majina na mambo ambayo yangemtambulisha mwandishi yameondolewa.*

BARUA

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kadutu, hapa Bukavu.

Mimi ni mama wa watoto wanne na kazi yangu ni kubeba mizigo. Wale akina mama unaowaona wakipanda mlima kutoka bandarini Muhanzi, gunia la makaa au la unga wa muhogo mgongoni, kamba imebana kwenye paji la uso, mimi ni mmoja wao. Baba wa watoto alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu. Mwanzoni alikuwa akituma kitu kidogo kwa simu, halafu akanyamaza. Sisemi amekufa, sisemi yu hai. Nimeacha kuulizia, kwa sababu kila anayetoka huko ananiletea habari tofauti.

Shida yangu ni kijana wangu wa kwanza. Ana miaka 15, yuko sekondari, na akili Mungu amempa. Alipokuwa bado shule ya msingi, shirika moja la msaada lilipita mtaani kwetu likiandikisha watoto, naye akaandikwa. Kuna mtu huko Ulaya, hatumjui kwa sura, anatoa pesa kila mwezi kwa jina la mwanangu. Kutokana na pesa hiyo shirika linamlipia minervali, yaani ada ya shule, linampa madaftari na viatu mwanzo wa mwaka, na Noeli ikifika tunapewa mchele, mafuta na sabuni. Siwezi kudanganya, vimetusaidia. Ziko Noeli ambazo bila ule mchele watoto wangekula sombe tupu, yale majani ya muhogo.

Lakini kila mwaka wanakuja kupiga picha. Mara ya mwisho nilimvalisha mtoto shati jeupe la kanisani, nikampaka mafuta. Yule afisa aliyekuja akaniambia, tena kwa upole: "Mama, shati ni zuri, lakini mfadhili angependa kuona maisha ya kila siku. Hakuna nguo nyingine?" Mtoto akaenda kuvaa fulana anayotekea maji. Akakalishwa mlangoni, karibu na mtaro wa maji machafu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikaombwa nisogee nisionekane.

Baadaye mwanafunzi mwenzake aliikuta picha ile kwenye simu, katika ukurasa wa shirika. Chini yake yameandikwa maneno ya Kifaransa kwamba mtoto huyu anaishi na mama asiyeweza kumtunza, na kwamba bila msaada angekuwa mtoto wa barabarani. Darasa zima likaiona. Wakaanza kumwita "mtoto wa mchele". Alipigana na mmoja wao, mwalimu akaniita. Nyumbani hakulia. Aliniuliza tu: "Mama, wewe unaamka saa kumi za usiku. Hao watu wanasema huwezi. Kwa nini ulikubali?" Sikupata la kumjibu.

Sasa kuna karatasi mpya ya kutia sahihi kabla shule haijafunguliwa, na picha mpya, na ile barua ya shukrani ambayo watoto wote huinakili kutoka ubaoni pale ofisini, maneno yaleyale. Kijana amekataa katakata. Picha hataki, barua hataki. Anasema atajilipia mwenyewe. Jumamosi ameanza kwenda na vijana wengine kuvunja mawe ya ujenzi. Juzi aliweka noti za franka mezani, zimekunjwakunjwa, akasema ni za minervali. Hazifiki hata robo ya muhula. Nikatazama mikono yake imechubuka, nikajivunia mwanangu na nikataka kulia palepale.

Kaka yangu ananiambia nimwamuru. Anasema heshima haiingii kwenye sufuria, na kwamba mtoto wa miaka 15 haamui mambo ya nyumba. Mtunza hazina wa AVEC yetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, anasema kinyume chake: mwanamke anayelisha watoto wanne kwa mgongo wake asikubali kutangazwa kama ombaomba. Lakini yeye mume wake ana pikipiki inayoingiza kila siku.

Katika AVEC mimi naweka hisa kila wiki, hata kama ni moja. Tutagawana mwezi wa kumi na mbili. Ndoto yangu ni kuiacha kamba, niwe na meza ndogo ya unga katika soko la Kadutu. Pesa ile ikiingia kwenye shule, meza imekwisha kabla haijaanza. Na tangu Februari 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafungwa, wafanyabiashara wenyewe wanalia kukosa pesa mkononi. Mizigo imepungua na bei ya kubeba wanaipanga wao. Kuna na jingine: binti yangu mdogo yuko kwenye orodha ya watoto watakaochukuliwa na shirika mwaka ujao. Kaka yake akitoka vibaya, naogopa watamfuta.

Nimlazimishe kijana? Au tuache msaada tubaki na umaskini wetu na uso wetu? Wazazi wangu walitufundisha kwamba mtu ale jasho lake. Jasho langu halitoshi, Mama. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Mama wa Kadutu

JIBU

Mama mwenzangu,

Ahsante kwa kuniamini na mambo mazito kiasi hiki. Nitayajibu polepole, na pale ambapo sioni njia nitakuambia sioni.

Umeniuliza kama umlazimishe mtoto au uache msaada. Lakini ninavyokusoma, kuna mambo mawili hapa yamefungwa kwa kamba moja: pesa ya shule, na namna pesa hiyo inavyotafutwa. Rudi kwenye maneno ya kijana wako. Hakusema hataki kusoma. Hakusema hata kwamba mtu wa Ulaya asitoe pesa. Alikuuliza kwa nini watu wameambiwa kwamba wewe huwezi. Nadhani kaka yako anaona kiburi cha ujana pale ambapo mimi naona mtoto anayemtetea mama yake. Wewe unayeishi naye utajua ni nani kati yetu aliye karibu na ukweli.

Katika barua yako yote, sentensi ambayo haijaniacha ni ile uliyoiandika haraka na kuipita: uliombwa usogee usionekane. Yule aliyeitazama picha ile Ulaya ameona mtoto, mlango na mtaro. Hakuona mtu anayeamka saa kumi za usiku. Kazi yako iliondolewa ili umaskini wa mtoto uonekane vizuri zaidi. Kwa hiyo unapoona uchungu, usijiambie kwamba ni aibu ya maskini asiyetaka kujulikana. Mmesemewa jambo lisilo kweli, na limesemwa mbele ya watu. Simlaani yule afisa. Huenda naye ana hesabu za kupeleka juu, na ameambiwa picha gani ndiyo inayoleta fedha. Hilo linaeleza alichofanya, lakini halifanyi kiwe sawa.

Sasa nikuulize jambo kuhusu mafundisho ya wazazi wako, ambayo nayaheshimu kwa sababu ndiyo niliyolelewa nayo mimi pia. Mtu ale jasho lake, ndiyo. Lakini je, walimaanisha asipokee kamwe kutoka kwa mwingine? Tazama AVEC yenu. Mna kasha lenye kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti. Mna hisa, mna mikopo, na bila shaka mna ule mfuko wa pembeni wa ugonjwa na msiba. Mwenzenu akifiwa, mnafungua na kumpa, na mara nyingi hamumdai. Huo ni msaada, mama. Mbona hakuna anayeona haya kuupokea? Ninavyoona mimi, ni kwa sababu naye huchangia, kila mmoja anamjua kwa jina, kesho atakuwa yeye mtoaji, na hakuna anayempiga picha kando ya jeneza ili fungu liongezeke.

Na hata mpango huu wenyewe tunaouona ni wetu, wa kujitegemea kabisa, una historia yake. Vikundi vya namna hii vilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Shirika la kigeni lilileta mafunzo na utaratibu. Pesa iliyowekwa kwenye kasha ilitoka kwa wanawake wenyewe, na wao ndio walioamua nani akope na kwa sababu gani. Kutoka huko njia hiyo ikaenea Afrika nzima mpaka ikafika mlangoni kwako. Nakuelezea haya kwa sababu naona umeweka msaada upande mmoja na heshima upande mwingine, kana kwamba haviwezi kukaa nyumba moja. Vinaweza. Inategemea nani anaamua.

Majirani zetu Watanzania walilijadili jambo hili kama taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba pesa si msingi wa maendeleo, msingi ni watu na kazi yao. Wengi wanalikumbuka hilo. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 Tanzania iliendelea kupokea misaada mingi kutoka nje. Kama nchi nzima, yenye serikali na mashamba na bandari, haikuweza kufunga mlango kabisa, kwa nini mama mmoja wa Kadutu ajihukumu kwa kutoweza?

Huku kwetu Kongo kujitegemea kumekuwa na sura nyingine, na hiyo inanikasirisha. Unaijua "kifungu cha 15": kila mtu ajitafutie. Tangu enzi za Mobutu tunausema msemo huo tukicheka, na umetufundisha ujasiri mwingi, sikatai. Lakini pia umewapa viongozi mahali pa kujificha. Kwa miaka mingi mzazi ndiye aliyelipa prime ya mwalimu, yaani nyongeza ya mshahara wake, kazi ambayo ni ya serikali. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure, na ilibidi tusubiri mpaka 2019 ndipo utekelezaji uanze. Sekondari bado tunalipa. Kwa hiyo unaponiambia jasho lako halitoshi, mimi nasoma hivi: jasho lako linalipwa vibaya. Bei ya gunia anaipanga mwenye gunia, na shule ambayo ingepaswa kumgharamia mtoto inakungoja wewe. Ukiacha msaada kesho, usiuache kwa kuamini kwamba mama mzuri angeweza peke yake. Hakuna mama anayeweza hayo kwa mgongo peke yake.

Nirudi kwa kijana.

Kumlazimisha kunawezekana. Yuko chini ya paa lako, na mwaka huu labda atakaa mbele ya kamera akiwa amenuna. Utakuwa umepata minervali. Lakini atakuwa amejifunza kwamba hata nyumbani neno lake halihesabiwi, na katika umri ule kijana anayejifunza hivyo huanza kutafuta mahali pengine pa kuhesabiwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, ambao Kongo iliuridhia mwaka uliofuata, unasema mtoto anayeweza kutoa maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri wake. Unasema pia mtoto alindwe asivunjiwe heshima wala kuingiliwa maisha yake ya faragha. Kaka yako naye ana haki katika jambo moja: kumsikiliza mtoto si kumwachia mfuko wa nyumba. Unaweza kumsikiliza kwa dhati halafu ukaamua tofauti, mradi ajue kwamba ulimsikia na kwa nini umeamua hivyo.

Kuna swali lake ambalo bado linasubiri. "Kwa nini ulikubali?" Nadhani unaweza kulijibu. Ulikubali kwa sababu ulitaka asome. Na kama unaona amekomaa vya kutosha, mwonyeshe kile kijitabu chako cha AVEC chenye mihuri ya hisa. Mwambie minervali ni kiasi gani, unga ni kiasi gani, kodi ya nyumba ni kiasi gani, na gunia moja linaleta nini. Watoto wetu wengi wanajua kwamba hakuna pesa, lakini hawajui hesabu yenyewe. Akiiona, anaweza kulegeza msimamo au kuukaza zaidi. Vyovyote vile atakuwa anafikiri pamoja nawe.

Zile noti alizoweka mezani usimrudishie. Ila usimwache aamini kwamba zinapaswa kubeba shule yote. Zinunulie kitu kinachoonekana: madaftari, au kalamu na kikokotoo. Kuhusu kuvunja mawe, hapo naogopa, na sitaficha. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 haimruhusu mtoto kuajiriwa kabla hajatimiza miaka 16, na kazi ya mawe inaharibu macho na vidole hata vya watu wazima. Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine. Kazi ya Jumamosi huongezewa Ijumaa, halafu Alhamisi. Mvulana akishaonja pesa yake mwenyewe, na nyumbani kuna njaa, dawati huanza kuonekana ni la kupoteza muda. Nyumba yako inajua wanaume wanavyoondoka kwenda kutafuta. Sisemi atafuata njia ya baba yake. Nasema unapopiga hesabu ya kuacha msaada, hatari hii nayo uiandike, kama unavyoandika minervali.

Na hiyo hesabu yenyewe uipige kweli, kwa kalamu, ukiwa na mtu unayemwamini. Kutoka sasa mpaka diploma ya serikali kuna miaka kadhaa, na mwaka wa mwisho una gharama zake za egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, juu ya minervali. Ukichukua mgao wa Desemba ukauweka wote shuleni, mwaka mmoja utapita vizuri. Mwaka wa pili hutakuwa na meza wala mgao, na kamba itakuwa bado iko kwenye paji la uso. Kukopa AVEC kwa ajili ya minervali kuna ugumu uleule, kwa sababu minervali hairudishi faida ya kulipia mkopo. Meza ya unga inaweza kurudisha. Nasema inaweza, kwa maana biashara nayo ina siku zake mbaya, na visa vya moto vya Kadutu unavijua kuliko mimi. Zungumza na prefe, mkuu wa shule, kabla ya kukata tamaa. Shule nyingi hukubali mzazi alipe kwa vipande akiahidi mapema, na mzazi anayekuja kabla ya deni husikilizwa tofauti na anayeitwa baada ya deni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika barua yako sikuliona. Unazungumza kana kwamba shirika limeweka pesa na picha katika bahasha moja isiyoweza kufunguliwa. Je, umewahi kuwaambia? Umewahi kuwauliza itakuwaje ukisema ndiyo kwa shule na hapana kwa picha? Huenda watakujibu kwamba huo ndio utaratibu. Lakini ujue hili: mwaka 2006 mashirika ya maendeleo ya Ulaya, kupitia muungano wao, yalipitisha kanuni kuhusu picha na ujumbe. Kanuni hizo zinataka heshima ya anayeonyeshwa ilindwe, ukweli wa maisha yake usipotoshwe, na yeye mwenyewe aelewe na akubali namna atakavyoonyeshwa. Si kila shirika limejiunga na kanuni hizo. Hata hivyo, ukizungumzia jambo hili ofisini hutakuwa unaomba kitu cha ajabu. Wanaofanya kazi hiyo wanajua tatizo lipo.

Unaweza kuomba picha ile iondolewe pamoja na maneno yake. Unaweza kuomba kwamba kama lazima pawe na picha, mtoto achague nguo, na wewe uwepo, ukiwa na gunia lako ukitaka. Barua ya shukrani aiandike kwa maneno yake: somo analolipenda, mwalimu anayemwogopa, kazi ya mama yake. Na hapa niulize jambo jingine. Tumejuaje kwamba yule mtu wa Ulaya anataka kumwona mtoto wa mtaroni? Aliyetuambia ni afisa. Mfadhili mwenyewe hatujamsikia. Inawezekana angefurahi kujua kwamba pesa yake inatembea bega kwa bega na jasho la mwanamke anayefanya kazi kila siku. Inawezekana pia asingejali. Lakini mpaka sasa hajapewa nafasi ya kujua.

Sitaki uende huko ukidhani ni rahisi. Nguvu zenu hazilingani. Wao wana watoto wengi kwenye orodha, na mama anayeuliza maswali anaweza kuandikwa kama mama msumbufu. Hata wakikubali kuiondoa picha, imeshaingia kwenye simu za wanafunzi, na hakuna ofisi itakayoitoa humo. Usimwahidi kijana kwamba itafutika. Mwahidi kwamba umekwenda kusema.

Kuna na njia ya kati, ambayo nakuachia uipime. Kupokea kwa muda mnaoujua, mkiwa na tarehe ya kutoka. Kwa mfano, mpaka meza isimame, mtakavyoona. Uzuri wake ni kwamba mtaondoka mkiwa na kitu mkononi. Ubaya wake ni kwamba tarehe ina tabia ya kusogea, na kijana atakuwa anaitazama. Mkichagua hivyo, tarehe hiyo muipange wote wawili.

Nimefikiria pia kuhusu kaka yako. Ni mjomba wa mtoto, na neno lake lina uzito. Mpaka sasa amekupa ushauri. Umewahi kumwomba kitu zaidi ya hicho? Labda naye maisha yamembana, sijui hali yake. Lakini mjomba akichukua hata gharama ya viatu, kijana ataona kwamba ana watu wake nyuma yake, na hilo huenda likamtuliza kuliko hotuba yoyote. Mtunza hazina wako naye, anayekuambia utoke: anaweza kukusindikiza ofisini? Ningependa usiende peke yako. Nenda na mwenzako anayesoma Kifaransa, mwombe asome karatasi yote kwa Kiswahili, taratibu, kabla hujashika kalamu. Uliza sehemu ya picha inasema nini hasa, picha itatumika wapi na kwa miaka mingapi, na kama kuna mahali pa kuandika hapana. Waambie unataka kurudi nayo nyumbani ulale nayo. Wakikataa hata hilo, utakuwa umejua kitu kuhusu wao ambacho hukukijua.

Muulize kijana kama anataka kuwa nawe siku hiyo au angependa wewe umsemee. Asilazimishwe kwenda pia.

Limebaki la binti yako mdogo, na hapa sina njia iliyonyooka. Mambo yake usiyachanganye na ya kaka yake mkiwa ofisini. Uliza kwanza, kwa utulivu, kama nafasi yake inategemea chochote kutoka kwa familia. Lakini kabla ya hapo jiulize, wewe na kaka yake pamoja, kama mngependa aingie kwa masharti haya haya, na nini kingepaswa kubadilika kwanza. Yeye bado hajui kukataa. Ukishapata jibu la shirika, liwe zuri au baya, niandikie tena, ili tulizungumze hili la binti kabla jina lake halijaingia kwenye daftari lao.